Nusu Mbili za Singeli: Sauti Iliyokwenda Ulaya, Maneno Yaliyofika Wampembe

Ukiisikia singeli Wampembe, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika wilayani Nkasi, unasikia wimbo. Kuna mtu anachana, kuna kiitikio ambacho watoto wamekishika kabla ya wakubwa, kuna mafumbo, majigambo na utani. Ukiisikia kwenye tamasha la Berlin au London, unasikia mvumo wa mashine unaokwenda mbio, maneno ni machache au hakuna kabisa, na waliolipa kiingilio wanauita muziki wa majaribio. Jina ni lilelile. Mitaa ulikozaliwa muziki huo ni ileile ya Dar es Salaam, na mara nyingine hata chumba uliporekodiwa ni kilekile. Kinachowafikia wasikilizaji hawa wawili, hata hivyo, ni vitu viwili tofauti.

Singeli ni nini hasa, na nani kati ya hao wawili anaisikia sawasawa? Jibu langu ni kwamba kila mmoja anaisikia nusu. Njiani, sauti ya singeli ilitenganishwa na maneno yake: sauti ikaelekea Ulaya, maneno yakashuka bonde la ufa hadi ziwani. Hasara ni ya pande zote mbili, kwa sababu muziki huu uliundwa ili sauti na maneno vijibizane. Sauti inambana msikilizaji, maneno yanampa pa kupumulia. Ukiondoa kimoja, kinachobaki kinaweza kuwa kizuri sana, lakini hakielezi tena maisha yaliyokizaa.

Vinanda vidogo, spika kubwa

Singeli haikuzuka ghafla. Mzazi wake wa kwanza ni mchiriku, uliotamba Dar es Salaam miaka ya 1990 kwenye harusi na mikesha ya mitaani. Mchiriku ulichukua ngoma za Wazaramo na majirani zao wa Pwani, ukaongeza kinanda kidogo cha Casio, kile cha betri kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto na wanaojifunza. Kinanda hicho kilipounganishwa na amplifaya chakavu na spika za honi, sauti yake nyembamba ilipasuka na kukwaruza. Wapigaji waliiacha ikwaruze, maana sauti iliyopasuka ilipenya kishindo cha ngoma na kufika mtaa wa pili. Kundi la Jagwa Music, lililoanzishwa mwaka 1992, liliufikisha mtindo huo mbali: mwaka 2012 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa albamu yake, Bongo Hotheads.

Mzazi wa pili ni taarab ya kisasa, ile ya rusha roho. Nyimbo za makundi kama East African Melody na Jahazi Modern Taarab zilikuwa ndefu, zenye vipande vya kinanda na gitaa visivyo na maneno. Hapo ndipo watu huinuka vitini, hucheza na kumtunza mwimbaji. Ma-DJ wa vigodoro, yaani sherehe za mtaani za kukesha, waliona kwamba vipande hivyo ndivyo vinavyosubiriwa. Wakavikata, wakavizungusha bila kuvimaliza, wakaviongeza kasi, na MC akashika maikrofoni kuchangamsha watu juu yake. Hivyo ndivyo, katikati ya miaka ya 2000, singeli ilivyopata umbo katika maeneo kama Manzese, Tandale, Mburahati na Mbagala.

Ukwaruzaji wa singeli mara nyingi huelezwa kama alama ya umaskini wa vifaa. Maelezo hayo ni ya kweli kwa mchiriku wa mwanzo, lakini hayatoshi kwa singeli. Prodyuza wa singeli alipopata kompyuta na programu ya FruityLoops, alikuwa na chombo kilekile kilichotumiwa na studio nyingi za Bongo Fleva. Kutoa mdundo laini, safi na wa wastani lilikuwa jambo la kubofya tu. Hakubofya. Aliubakiza mkwaruzo wa baba zake wa mchiriku na kuuzidisha. Kwa hiyo ukali wa sauti hii ni uamuzi, na uamuzi unastahili kuulizwa sababu.

Kasi inafanya kazi gani

Sababu inaanzia kwenye kasi. Nyimbo nyingi za Bongo Fleva hutembea kwenye mapigo 100 hivi kwa dakika. Singeli huanzia karibu 180, hukaa kwa raha juu ya 200, na baadhi ya maprodyuza wa Mburahati huifikisha 300. Tukipiga hesabu, mapigo 300 kwa dakika ni mapigo matano kwa sekunde. Kila pigo likigawanywa mara nne, kama ngoma ndogo na manyanga yanavyofanya, sikio linapokea mipigo 20 kila sekunde. Hapo ni mpakani. Chini ya kiwango hicho sikio la binadamu bado linatambua pigo mojamoja. Kikipita, linaanza kuyaunganisha na kusikia mvumo wenye noti. Singeli kali inakaa juu ya mpaka huo, mahali ambapo ngoma inakaribia kugeuka kinanda. Anayesema kwamba hasikii mdundo bali mngurumo anaeleza kwa usahihi kile ambacho sikio lake linafanya.

Jambo la pili ni kimo cha sauti. Ukikizidishia kasi mara mbili kipande kilichorekodiwa, bila kurekebisha kingine, sauti yake hupanda oktavu nzima. Gitaa la taarab huwa kama kengele, zumari huwa kama filimbi, na mwimbaji mtu mzima husikika kama mtoto. Maprodyuza wa singeli waliupokea mpando huo na kuufanya rangi ya muziki wao. Ndiyo maana noti zake nyingi ziko juu, zinachoma, na zinasikika hata kwenye spika mbovu.

Jambo la tatu ni mwili. Nyimbo za kazi, iwe ni za kuvuta wavu au za kutwanga, hupata kasi yake mikononi mwa wanaofanya kazi: mkono ukichoka, wimbo unapungua. Katika singeli kasi imetoka kwenye mashine, na mashine haichoki. Mchezaji analazimika kutafuta mahali pake ndani ya kasi hiyo. Kwenye mapigo 240, mabega yanaweza kutikisika kwa kasi yote, miguu ikafuata 120, na kiuno kikazunguka kwa 60. Kasi tatu zinakaa katika uwanja mmoja na zote ni sahihi. Kijana anayetaka kuonyesha ufundi anachagua ya juu. Mama wa bwana harusi anachagua ya chini na bado anaenda sawa na ngoma. Muziki unaoonekana kumfukuza kila mtu una nafasi ya kila mtu, mradi ajue pa kukanyaga. Hilo ndilo fumbo la singeli, na halifumbuliwi kwa kusikiliza umekaa.

Wenzao wa Brixton

Masikio ya Ulaya yaliyoipokea singeli yalikuwa yameandaliwa na muziki mwingine mkali, na kuutazama muziki huo kunasaidia kuona upekee wa singeli. Mwaka 1976, London, Charles Bullen, Charles Hayward na Gareth Williams walianzisha kundi la This Heat. Hayward na Bullen walikuwa wapigaji wazoefu. Williams hakuwa amejifunza ala yoyote, na wenzake walimtaka kwa sababu hiyohiyo. Walifanya kazi Brixton katika chumba walichokiita Cold Storage, ambacho zamani kilikuwa jokofu la nyama la kiwanda. Walirekodi kila kitu kwenye kanda, kisha wakakata kanda, wakaziunganisha vichwa na mikia ili zizunguke, wakazipunguza na kuziongeza kasi. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1979. Kipande chake kiitwacho 24 Track Loop ni ngoma ya Hayward iliyokatwa na kuzungushwa na mashine mpaka ikawa kitu ambacho wacheza dansi wa Uingereza walikuja kukipenda miaka zaidi ya kumi baadaye, muziki wa jungle ulipoibuka.

Albamu ya pili, Deceit, ilitoka mwaka 1981 kupitia kampuni ya Rough Trade, wakati hofu ya vita vya nyuklia ilipokuwa imetanda Ulaya. Maudhui yake ni hofu hiyo, uongo wa watawala, na raia waliolazwa usingizi na matangazo ya biashara. Kundi lilivunjika mwaka 1982 likiwa na albamu mbili tu, lakini alama yake ni kubwa miongoni mwa makundi ya Uingereza yaliyokuja baada ya wimbi la panki na kukataa kupiga gitaa kwa namna iliyozoeleka.

Mfanano na Dar es Salaam uko wazi. Chumba kisichokusudiwa muziki kimegeuzwa studio. Chombo kimetumiwa kinyume na maelekezo ya kiwandani. Kipande kifupi kimezungushwa mpaka kikabadilika tabia. Asiye na cheti cha muziki amekaribishwa kwenye meza. Mtu aliyeipenda This Heat ana kila sababu ya kusimama anaposikia kazi ya maprodyuza wa singeli kama Sisso au Bamba Pana.

Tofauti, hata hivyo, ndiyo yenye mafunzo zaidi. Kwa This Heat, sauti na maneno vinaelekea upande mmoja. Sauti inatisha, maneno nayo yanatisha. Sauti inaonya, maneno nayo yanaonya. Msikilizaji anaondoka amezinduliwa, lakini ameachwa peke yake na hofu yake. Katika kigodoro, sauti na maneno vinaelekeana uso kwa uso. Sauti ni ya maisha ya mjini kama yalivyo: haisubiri, haipumziki, haijali umelala saa ngapi. MC anasimama mbele yake, anaitania, anatoa nasaha, anataja jina la jirani na la mama yake jirani, anachekesha. Jambo linalomlemea kila mtu limegeuzwa kuwa jambo la kuchezewa na wote pamoja.

Kuna tofauti ya pili, ya nani anasikiliza. This Heat walipiga mbele ya watu wasiowajua. MC wa kigodoro anawajua wengi walio mbele yake, na anayelipia ngoma ni mama wa mtaani aliyechangisha fedha kwa ajili ya shughuli ya mwanawe. Wanawake ndio wenye shughuli, ndio wachezaji wakubwa, ndio watunzaji, ingawa maikrofoni bado iko zaidi mikononi mwa wanaume. Muziki wa majaribio unaolipiwa na akina mama wa Manzese ni jambo adimu duniani, na linafaa kuhesabiwa miongoni mwa sifa kuu za singeli.

Maneno yanajibu nini

Maudhui ya singeli huelezwa kwa haraka kuwa ni mapenzi na matusi. Ukisikiliza kwa utulivu, unaona angalau tabaka nne.

Tabaka la kwanza ni fedha: kodi ya chumba, deni la dukani, kazi ya siku moja isiyo na uhakika wa kesho. Hata albamu ambazo kwa sehemu kubwa hazina maneno hubeba jambo hili kwenye majina yake: prodyuza Jay Mitta aliiita yake Tatizo Pesa, Sisso aliiita yake Mateso, zote za mwaka 2019. Tabaka la pili ni ujirani na mipasho, urithi wa moja kwa moja wa taarab. Hainaga Ushemeji ya Man Fongo, iliyotikisa nchi mwaka 2016, inachezea mipaka ya undugu wa ndoa, jambo ambalo kila nyumba ya kupanga inalifahamu. Tabaka la tatu ni nasaha: heshima kwa mama, tahadhari ya dawa za kulevya, marafiki wa uongo, gereza. Tabaka la nne ni majigambo na ushabiki, wa mtaa kwa mtaa na wa timu kwa timu. Msaga Sumu, ambaye wengi humwita mfalme wa singeli, amejijengea jina pia kwa nyimbo za mpira.

Jinsi maneno hayo yanavyokaa juu ya mdundo ni ufundi wa pekee. MC mzuri hakimbizani na kila pigo. Anakaa kwenye nusu ya kasi, anapiga mfululizo wa silabi, kisha anasimama ghafla na kuacha mashine ipite, halafu anarudi. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hiyo maneno yanaweza kumiminwa kwa kasi kubwa bila kukwamishwa na konsonanti zilizorundikana, na vina hupatikana karibu. Mchanaji wa singeli amerithi pia desturi za majibizano, kuanzia ngonjera hadi utani wa makabila, ambamo ushindi ni wa anayejibu haraka na kwa adabu ya fumbo. Usiku mmoja wa kigodoro unaweza kumtaka achane kwa saa nyingi, mengi yake papo kwa papo. Pumzi yake, anavyoivuta na mahali anapoiachia, ni sehemu ya muziki, na msikilizaji anaisikia kama ushahidi kwamba ndani ya kasi ile kuna mtu.

Matusi yapo, na si sahihi kuyafunika. Zipo nyimbo zinazowadhalilisha wanawake na zipo zinazoimbwa mbele ya watoto bila haya. Viongozi wa serikali wamepiga marufuku vigodoro mara kadhaa, na sehemu ya hoja yao, kuhusu watoto na usalama wa wanawake usiku, ni nzito. Lakini kosa hilo ni la baadhi ya maneno, na linajibika kwa maneno mengine. Kuihukumu sauti nzima kwa sababu yake ni kama kufunga soko kwa ajili ya mwizi mmoja.

Njia mbili za kutoka Dar es Salaam

Mgawanyiko ulianza singeli ilipotoka mtaani. Njia ya kwanza ilipita kwenye redio. Kituo cha EFM cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 2014, kiliipa singeli saa zake hewani wakati wengi waliiona ni muziki wa wahuni. Vituo vingine vikafuata. Wasanii kama Man Fongo, Sholo Mwamba na Dulla Makabila wakawa majina ya taifa, wakapanda hata majukwaa ya kampeni za siasa, na Tuzo za Muziki Tanzania ziliporejea mwaka 2022 zilikuwa na vipengele vya singeli. Haya ni mafanikio makubwa kwa muziki uliodharauliwa. Gharama yake ni kwamba redio inataka wimbo wa dakika tatu au nne wenye kiitikio, na inataka masikio ya ofisini yasikimbie. Kasi ikapunguzwa, mkwaruzo ukasafishwa, vipande virefu vya mashine pekee vikakatwa. Maneno yakasonga mbele, sauti ikakaa nyuma.

Njia ya pili ilipita Kampala. Arlen Dilsizian na Derek Debru, waanzilishi wa tamasha la Nyege Nyege lililoanza mwaka 2015 huko Jinja, walianzisha pia kampuni ya kutoa rekodi, Nyege Nyege Tapes. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, kazi za studio ya Sisso ya Mburahati. Mwaka 2018 ikafuata Poaa ya Bamba Pana, mwaka 2019 zile za Jay Mitta na Sisso, na mwaka 2022 Mr Mixondo ya DJ Travella, kijana aliyeipeleka kasi mahali ambapo wengi hawakudhani inafika. Kupitia njia hii vijana wa Mburahati walipanda majukwaa ya Ulaya na kusimama sawa na wenzao wa mataifa yote. Kampuni hiyohiyo ilitoa mwaka 2020 albamu ya Duma, kundi la Nairobi la makelele na mashine, jambo lililowaonyesha wasikilizaji kwamba Afrika Mashariki ina upana wake hata kwenye muziki mkali.

Hii nayo ina gharama. Msikilizaji wa Berlin hajui Kiswahili, kwa hiyo kinachochaguliwa kwa ajili yake ni kile kisichohitaji kueleweka. MC anapokuwepo, sauti yake huchukuliwa kama ala mojawapo. Utani wake haumchekeshi mtu, nasaha zake hazimwonyi mtu, na jina la jirani analolitaja halimwinui mtu kitini. Inabaki nguvu peke yake. Ndipo wahakiki wa huko huandika juu ya ghadhabu na fujo ya jiji la Afrika, wakidhani wamesikia kilio, ilhali mtaani maneno ya MC juu ya sauti ileile yamejaa kicheko.

Inavyofika Wampembe

Wampembe iko chini ya ukingo wa uwanda wa Ufipa. Sumbawanga ipo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko mita 773. Anayeshuka hadi ufukweni anashuka karibu kilomita nzima, na muziki hushuka naye. Masikio ya mwambao huu yamelelewa na vitu vingi: kwaya za Jimbo Katoliki la Sumbawanga, dansi la Kongo kutoka ng'ambo ya ziwa, nyimbo za Zambia kutoka kusini. Kwa miongo mingi MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ilibeba watu, samaki na nyimbo kati ya Kigoma na Mpulungu, ikipita vijiji vya pwani hii. Kwa hiyo si kweli kwamba kijiji cha ziwani ni mwisho wa barabara wenye kusubiri makombo ya mjini. Ni njia panda yenye uzoefu mrefu wa kupokea sauti ngeni na kuzichagua.

Singeli hufika mwambao kwa redio, kwa memori kadi na kwa kurushiana kwenye simu. Kila njia huichuja. Redio imekwisha kuichagua ile laini. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa besi: chini ya mitetemo 300 hivi kwa sekunde haitoi kitu cha maana, kwa hiyo nusu ya chini ya mdundo hubaki ndani ya kadi na kinachotoka ni sauti ya MC na noti za juu. Faili linaponakiliwa kutoka simu hadi simu, jina la prodyuza hupotea kwanza, kisha la msanii. Katika vijiji vya ziwani mtu anaweza kukariri wimbo mzima wa singeli bila kuwahi kusikia besi yake wala kulijua jina la aliyeutengeneza.

Hata hivyo nusu hii inayofika inafanya kazi yake, kwa kuwa maneno yanakuta mahali pa kukaa. Uvuvi wa dagaa kwa taa unategemea giza. Mbalamwezi ikitanda, samaki hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi hupumzishwa na fedha hukauka. Giza likirudi, fedha nazo hurudi, mara nyingine nyingi kwa usiku mmoja. Maisha ya kupata na kukosa kwa zamu, ya deni la dukani linalosubiri mwezi ufe, ndiyo hasa maisha ambayo singeli huyasema. Mvuvi hahitaji kufafanuliwa tabaka la kwanza la maudhui yake. Anachokosa ni ile sauti inayobana, ambayo ingemwonyesha kwamba vijana wa Mburahati hawakuwa wakitania tu. Walikuwa wakiusema ugumu huo kwa mashine na kuujibu kwa kinywa.

Tunachopaswa kufanya

Nikisema kwamba nusu hizi zirudishwe pamoja, simaanishi kwamba redio ipige mapigo 300 wakati wa taarifa ya habari, wala kwamba Wazungu wajifunze Kiswahili kabla ya kucheza. Yapo mambo yanayowezekana.

La kwanza ni kuhifadhi usiku mzima. Rekodi nyingi za singeli ni za studio, fupi, aidha wimbo wa redio au kipande cha mashine. Kigodoro chenyewe, chenye saa zake nyingi za majibizano kati ya DJ, MC na wachezaji, kinapotea kila alfajiri. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo na Idara ya Sanaa Bunifu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zina watu wenye ujuzi wa kurekodi ngoma kwa ukamilifu wake. Singeli ni ngoma, na inastahili kurekodiwa hivyo, pamoja na maelezo ya nani alicheza, nani alilipa na nani alitajwa.

La pili ni majina. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi, na COSOTA ipo kwa ajili hiyo. Prodyuza wa singeli asajili kazi yake na redio imtaje hewani kama inavyomtaja mchanaji. Deni hilo lina upande wa pili: wapiga vinanda na magitaa wa taarab, ambao vipande vyao vilikuwa matofali ya kwanza ya muziki huu, nao watajwe. Muziki unaodai heshima hauwezi kuwasahau waliouchangia.

La tatu ni uhakiki. Mwandishi wa habari za burudani anayejua nani kagombana na nani aanze pia kuandika kilichotokea kwenye dakika ya pili ya biti. Mhakiki wa nje anayejua kupima mitetemo atafute mtu wa kumweleza utani. Na sisi wa mbali na Dar es Salaam, tuliozoea kuupokea muziki huu ukiwa umechujwa, tuudai mzima: tuutafute kwenye sabufa yenye besi, tuulize jina la prodyuza kabla ya kulipia wimbo kwenye kadi.

Singeli imekwisha kuthibitisha kwamba watu wasio na ruhusa ya mtu wanaweza kubuni sauti ambayo dunia haijaisikia. Hilo halina ubishi tena Berlin wala Kampala. Ambalo halijakubalika vya kutosha, huko na hapa, ni kwamba waliobuni sauti hiyo walibuni pia namna ya kuishi nayo: kuikabili hadharani, kwa lugha yao, mbele ya majirani zao, na kuicheza mpaka asubuhi. Ubunifu huo wa pili ni mkubwa sawa na wa kwanza, na anayeusifu mmoja bila mwingine bado hajaifahamu singeli.